Intaneti Ikilegea Nyumbani: Shika Daftari Kabla ya Kumwita Fundi

Katika nyumba nyingi za mitaa ya Eastlands, Nairobi, kuanzia Pumwani na Majengo hadi Buruburu, Umoja na Donholm, saa ngumu kuliko zote ni zile za baina ya Magharibi na Isha. Wakati huo binti yu mbele ya kioo cha simu akimsomea mwalimu wake wa tajwidi aliye Mombasa. Kaka yake anatafuta jawabu za kazi ya shule. Mama anapokea maagizo ya mabuibui, au ya mahamri ya kesho asubuhi. Na bibi aliye Lamu anapiga simu ya video kutaka kuwaona wajukuu. Ghafla sauti ya mwalimu hukatika katikati ya aya, uso wa bibi huganda, na kile kiduara cha kungojea huzunguka bila ya kikomo.

Hapo ndipo lawama huanza. Kijana huambiwa kuwa michezo yake ndiyo inayoumaliza mtandao. Jirani hushukiwa kuwa anauiba. Baba huamua kuwa ruta imechakaa. Fundi huitwa, naye huja, huzima na kuwasha, pengine huuza ruta mpya, hulipwa na kuondoka. Baada ya siku tatu hali hurudi kuwa ile ile. Fedha zimekwenda, kijana amekaripiwa bure, na darasa la binti limepotea.

Makala haya yana neno moja la kuwaambia akina mama na familia zetu: udhaifu wa mtandao una mahali pake, na mahali hapo panaweza kujulikana na mtu yeyote mwenye saa, daftari na subira. Si lazima uwe umesomea uhandisi. Kinachohitajika ni kuigawa njia ya mtandao katika vipande na kukipima kila kipande peke yake, kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Safari ya mtandao hadi sebuleni

Sisi watu wa Pwani tuna haki ya kulijua jambo hili, kwani mlango mkuu wa intaneti ya Kenya uko kwetu. Kabla ya mwaka 2009 nchi ilitegemea setilaiti kuwasiliana na dunia, na huduma ilikuwa ghali na ya polepole. Mwaka huo waya wa TEAMS ulifika Mombasa kupitia chini ya bahari, na waya wa SEACOM ukaanza kazi miezi ya karibu na hapo. Kutoka Mombasa mawasiliano hupanda bara hadi Nairobi kwa nyaya za kioo, ambazo wengi tunaziita faiba.

Kwa nyumba inayotumia laini ya simu, kutoka Nairobi mjini mawasiliano huingia katika kituo cha mitambo ya simu cha eneo. Hapo hupita katika waya wa shaba, hufika kwenye sanduku la mtaa, hupanda nguzo, na hatimaye huingia ukutani mwako. Waya huo haukuwekwa kwa ajili ya intaneti. Mitaa kama Buruburu ilianza kujengwa katika miaka ya 1970, na Kaloleni ni ya miaka ya 1940. Simu za mezani ziliwekwa ili watu wazungumze tu, na kwa miaka mingi zilikuwa chini ya Shirika la Posta na Simu, lililogawanywa mwaka 1999 na kuzaa Telkom Kenya.

Sauti ya mwanadamu katika simu hutumia mawimbi ya chini tu, yasiyozidi kilohezi 4. Wahandisi wakaona kuwa juu ya hapo waya una nafasi kubwa isiyotumika, wakapitisha humo intaneti, kuanzia karibu kilohezi 25 na kwenda juu. Ndiyo maana waya mmoja huweza kubeba mazungumzo na mtandao kwa wakati mmoja. Lakini mawimbi hayo ya juu ni maridadi mno: umbali huyadhoofisha, maji huyameza, na kiungo chenye kutu huyavuruga. Aliye karibu sana na kituo huweza kupata hadi megabiti 24 kwa sekunde. Aliye mbali kiasi cha kilomita 5 hupata kidogo sana, hata akinunua ruta ya bei gani.

Basi njia yote tuigawe mara nne: ndani ya nyumba, waya wa kutoka nyumbani hadi kituoni, kituo chenyewe, na masafa ya mbali hadi baharini. Kosa huwa katika mojawapo.

Kwanza, daftari

Chukua daftari la shule lililobaki kurasa. Kwa siku 7, andika mara tatu kwa siku, asubuhi, alasiri na usiku: saa ngapi, kasi gani, taa zipi za ruta zinawaka, mvua inanyesha au la, na nani alikuwa akitumia mtandao. Kasi hupimwa bure kwa programu za simu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo.

Hapa pana mtego mmoja unaowachanganya wengi. Kampuni huuza kasi kwa megabiti, ilhali simu huonyesha ukubwa wa faili kwa megabaiti, na megabaiti 1 ni sawa na megabiti 8. Kwa hiyo laini ya megabiti 5 ikishusha kiasi cha megabaiti 0.6 kwa sekunde, hujadhulumiwa. Hicho ndicho ulichokinunua.

Daftari hilo hufanya kazi mbili. Kwanza hukuonyesha utaratibu wa ugonjwa: mtandao ulegeao kila usiku pekee una sababu tofauti na ule ulegeao kila inaponyesha. Pili, huwa ushahidi wako utakapozungumza na kampuni.

Je, tatizo ni waifai au ni laini?

Swali hili ndilo la kwanza, na wengi hulipita. Waifai ni kipande cha mwisho tu, kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu yako. Chukua kompyuta, iunganishe na ruta kwa waya, zima waifai ya vifaa vingine vyote, kisha pima kasi. Usipokuwa na kompyuta, simama mita moja karibu na ruta na upime kwa simu. Halafu nenda chumba cha mwisho upime tena. Kasi ikiwa nzuri karibu na mbaya mbali, laini yako ni nzima na fundi wa laini hana la kukufanyia.

Dawa yake ni kuihamisha ruta. Nyumba zetu nyingi ni za mawe na zege, nazo huzuia mawimbi. Weka ruta katikati ya nyumba, juu ya kabati na si sakafuni, mbali na kioo kikubwa, friji, mabati na tanuri la maikrowevu. Usiifiche nyuma ya televisheni, wala usiifunike kwa kitambaa ili ipendeze, kwani hupata joto.

Wanaoishi katika maghorofa yaliyobanana, kama yale ya Umoja na Kayole, wana shida ya ziada: mitandao ya majirani. Masafa ya gigahezi 2.4 yana njia tatu tu zisizoingiliana, nazo ni namba 1, 6 na 11. Ikiwa nyumba ishirini zinagombania njia hizo, zote huumia. Ruta nyingi za siku hizi zina masafa ya gigahezi 5 pia. Hayapenyi kuta vizuri, lakini hayana msongamano. Yatumie kwa vifaa vilivyo karibu.

Na hapo ndipo suala la jirani linapoingia. Kabla ya kumtuhumu mtu, fungua ukurasa wa ruta na utazame orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Anwani ya ukurasa huo huandikwa chini ya ruta yenyewe. Mara nyingi utagundua kuwa vifaa vya ziada ni vya watu wako mwenyewe: simu ya zamani iliyo droweni, televisheni, simu za wajomba waliokuja Idi. Ukikuta vya wageni, badilisha neno la siri. Kama mmekubaliana na jirani mchangie, ni jambo jema, mradi kampuni inaruhusu na kila mmoja ajue mpaka wake. Kuutumia mtandao wa mtu bila ya idhini yake ni kula haki ya mwenzako, na watoto wafundishwe hivyo.

Simu ya mezani ni daktari

Kasi ikiwa mbaya hata karibu na ruta, sasa ishuku laini. Chukua simu ya mezani, uichomeke kwenye soketi kuu, ile ya kwanza waya unapoingia nyumbani, na uondoe kila kitu kingine. Inua mkono wa simu, bonyeza tarakimu moja ili ule mlio unyamaze, kisha sikiliza. Laini nzima huwa kimya. Ukisikia mikwaruzo kama mafuta yanayokaanga samaki, pana kiungo kilichopata kutu, kilicholegea au kilichoingia maji. Ikiwa mikwaruzo huja wakati wa masika na kutoweka jua likichomoza, shuku kiungo cha nje, kwenye nguzo au kwenye sanduku la mtaa. Kazi hiyo ni ya kampuni, si yako.

Usijaribu kuirekebisha mwenyewe. Waya wa simu huwa na umeme wa kiasi cha volti 48 wakati umetulia, na hupanda hadi karibu volti 90 kengele inapolia. Usiuguse ukiwa na mikono ya maji, na radi ikianza chomoa ruta kutoka kwenye simu na kwenye umeme.

Vitu vidogo vinavyoharibu kazi kubwa

Kila simu ya mezani iliyo kwenye laini yenye intaneti huhitaji kichujio, kile kijisanduku kidogo ambacho mafundi hukiita filta. Kazi yake ni kutenganisha sauti na mtandao. Dalili ya filta iliyokosekana au kufa ni ya wazi: simu ikilia tu, mtandao unakatika. Ukiona hivyo, nunua filta kabla ya kununua ruta. Na simu ikiwa mbili au tatu nyumbani, kila moja iwe na yake. Isahaulike moja, na nyumba nzima itaumia.

Waya wa kutoka soketi hadi ruta uwe mfupi. Ule mrefu ulio bapa, unaopita chini ya zulia na kuzunguka sebule, hudaka kelele njiani. Ukitaka ruta iwe chumba kingine, afadhali iache karibu na soketi na urefushe waya wa kompyuta badala ya waya wa simu. Tazama pia adapta ya umeme: ikichoka, ruta hujizima na kujiwasha yenyewe, na watu hudhani ni kosa la laini.

Sasa chomeka ruta peke yake kwenye soketi kuu na upime tena. Kasi ikipanda, kosa limo katika nyaya zako za ndani, nawe utalipia kazi ya ndani tu. Isipopanda, una haki ya kuitaka kampuni ije.

Namba mbili zinazosema kweli

Ukurasa wa ruta huonyesha namba nyingi, nawe unahitaji mbili tu, zote kwa kipimo cha desibeli. Ya kwanza ni ziada ya mawimbi juu ya kelele. Hii ikiwa kubwa ni heri: juu ya 10 ni nzuri, na chini ya 6 laini hukatikakatika. Ya pili ni upungufu wa mawimbi njiani, nayo ikiwa ndogo ni heri: chini ya 30 ni njema, na ikipita 60 ujue uko mbali mno au waya umeharibika. Ziandike daftarini pamoja na tarehe. Upungufu usiobadilika kwa miezi unatokana na umbali. Ukipanda ghafla wiki moja, kitu kimeharibika njiani.

Usizime na kuwasha ruta kila saa. Mara moja inatosha. Baadhi ya mitambo huona kukatika huko ni dalili ya laini mbovu, ikakupunguzia kasi ili laini itulie.

Harusi na darasa la binti

Kuna sababu moja ambayo haihusiani na kuharibika kwa kitu chochote, nayo huzikumba sana familia zetu. Intaneti ya laini ya simu imepangwa kushusha kwa wingi na kupandisha kwa uchache. Laini inayoshusha megabiti 8 huenda isipandishe hata megabiti 1. Kwa kusoma na kutazama, hilo halina taabu. Lakini simu nyingi zimewekwa kujihifadhia picha mtandaoni zenyewe, pindi zinapoona waifai.

Fikiria basi Jumatatu baada ya harusi. Akina mama watano wamerudi na mamia ya picha na video za kupamba bibi harusi, nazo simu zao zimeanza kuzipandisha kimyakimya. Njia nyembamba ya kupandisha imejaa pomoni, na ikijaa hiyo, hata kushusha hukwama, kwa kuwa kila ombi la kufungua ukurasa lazima lipande kwanza. Binti mbele ya mwalimu wake hupoteza sauti, na kijana asiye na kosa hukaripiwa. Dawa haina gharama: ingia katika mipangilio ya simu, uzuie picha kuhifadhiwa mchana, na uziache zipande usiku watu wakiwa wamelala. Televisheni nayo ishushiwe ubora wa picha saa za masomo. Simu ya video huhitaji megabiti 1 au 2 tu, lakini huzihitaji bila ya kukatizwa.

Somo hili tulilipata mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi na masomo kuhamia redioni, kwenye televisheni na mtandaoni. Nyumba zilizofaulu ni zile zilizopanga zamu.

Kosa likiwa mbali

Ukipima na kukuta asubuhi mtandao ni mzuri na kuanzia saa 1 usiku ni mbovu, kila siku, huenda kituo kimeelemewa na wateja. Hapo hakuna ruta itakayosaidia. Mwambie mtoa huduma, umwonyeshe daftari, na kama hana dawa, fikiria kuhama.

Ukiona majirani wa kampuni tofauti wote wanalalamika siku moja, elekeza macho baharini. Februari 2012 meli iliyotia nanga karibu na Mombasa iliukata waya wa TEAMS, na Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika pamoja, nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikazorota. Siku kama hizo, subira ndiyo dawa, na fundi wa mtaani asiruhusiwe kukuuzia kitu.

Pana pia hujuma ya nchi kavu. Waya wa shaba huuzwa kama chuma chakavu, na mitaa mingi ilipoteza simu zake kwa wizi huo. Januari 2022 serikali ilisimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu baada ya minara ya umeme kuharibiwa. Laini ikifa kabisa, simu ikawa haina mlio wowote, waulize majirani kwanza kama zao zimekufa pia.

Kwa waliohamia faiba

Shaba imepungua sana Nairobi, na nyumba nyingi za Eastlands sasa zinatumia faiba au mitandao ya minara. Utaratibu haubadiliki: tenga waifai na laini, pima, andika. Faiba haiogopi maji wala umbali wa mtaa kama shaba, bali huogopa kukunjwa. Usiipinde kwa pembe kali nyuma ya kabati. Taa nyekundu iliyoandikwa LOS maana yake mwanga haufiki nyumbani. Piga simu kwa kampuni moja kwa moja. Wala usiichungulie ncha ya waya huo, kwani mwanga wake hauonekani lakini hudhuru macho.

Fundi anapobisha hodi

Mama aliye peke yake nyumbani asione haya kutaka hakika. Muulize fundi kitambulisho cha kazi, piga namba rasmi ya kampuni uthibitishe, na umwombe jirani au jamaa akae nawe. Ruta iwekwe karibu na mlango ikiwezekana, ili mgeni asiingie vyumbani. Usimpe neno la siri la simu yako wala namba ya siri ya M-Pesa kwa sababu yoyote ile. Akisema kifaa kimekufa, mwombe akuonyeshe kwa kuchomeka kingine kwenye soketi hiyo hiyo. Na akitengeneza, pima kasi yeye akiwapo, uiandike.

Malalamiko yapeleke kwa mtoa huduma kwanza, uombe namba ya kumbukumbu. Asipokujali, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupokea malalamiko ya wateja. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kimempa kila mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa. Haki hiyo huitetea vizuri zaidi aliye na tarehe, saa na namba mkononi kuliko aliye na hasira pekee.

Anza usiku wa leo. Chora mistari minne katika ukurasa wa kwanza: nyumba, waya, kituo, bahari. Mpe binti au kijana kazi ya kupima na kuandika, kwa kuwa vijana hulipenda jambo wanalokabidhiwa kuliko wanalokaripiwa. Wiki moja baadaye mtajua kosa liko mstari gani, nani alilaumiwa bure, na kama kuna haja ya kumlipa mtu. Wabillahi tawfiq.